Kuunganisha, Kuunganishiwa na Kujiunganishia: Istilahi za Msafiri Abadiliye Ndege

Neno kuunganisha ni neno la kila siku. Mkaazi wa Jang'ombe anayekwenda shamba hupanda gari moja hadi kituoni, akateremka, akapanda nyingine, na akiulizwa amefikaje hujibu, "Nimeunganisha gari." Jibu hilo linatosha, wala hapana anayetaka maelezo zaidi. Gari ya pili ikimwacha atangojea inayofuata, na hasara yake haizidi nusu saa na jua la mchana. Kila gari ililipiwa nauli yake, na kondakta wa ya kwanza hana deni lolote kwa abiria aliyeikosa ya pili.

Siku hizi neno hilohilo limepanda ndege. Mtu anayekwenda Maskati, London au Mumbai husema kwamba "anaunganisha" Dar es Salaam, Nairobi, Addis Ababa au Doha. Huko angani neno limekutana na mambo ambayo halikuzaliwa nayo: mikataba ya uchukuzi, viza, mizigo inayosafiri mbali na mwenyewe, na milango inayofungwa kabla ya saa iliyoandikwa katika tikiti. Makusudio ya makala haya ni kuonyesha kwamba neno moja halitoshi kubeba mambo hayo yote, na kwamba Kiswahili kina uwezo wa kuyatenganisha bila ya kukopa hata neno moja.

Tuanze na tukio. Bibi mmoja, jirani yetu hapa Jang'ombe, alikuwa akimpeleka mumewe Chennai, India, kwa matibabu ya moyo. Fedha za safari zilichangwa na jamaa na watu wa mtaani. Wakala aliyewauzia tikiti aliwaambia maneno machache tu: "Mtaunganisha Dar es Salaam, muda upo." Ndege ya kutoka Unguja ilichelewa kuondoka kwa saa nzima. Walipofika Dar es Salaam walingojea mizigo yao, wakatoka nje, wakatafuta gari ya kuwapeleka jengo la pili, na walipofika dawati lilikuwa limekwisha fungwa.

"Mama, mmechelewa," alisema kijana aliyekuwa pale.

"Ndiyo mwanangu, tumechelewa," alijibu yule bibi.

Kwa maneno hayo shauri lilimalizika. Tikiti mpya zilinunuliwa kwa fedha za mkopo, na mgonjwa alipoteza siku aliyopangiwa kuonana na daktari. Bibi yule alikuwa na haki ya kuuliza maswali kadha wa kadha, lakini hakuna hata moja aliloliuliza, kwa sababu maneno aliyopewa tangu siku ya kununua tikiti hayakumwonyesha kwamba palikuwa na la kuulizwa. Aliambiwa ataunganisha. Hakuambiwa nani atakayebeba mzigo wa kuunganisha huko.

Sasa tulitazame neno lenyewe. Shina lake ni -unga, yaani kutia kitu na kitu pamoja vishikane. Ndilo hilo la fundi aungaye mbao na la mpishi aungaye mchuzi. Kutokana nalo tunapata -ungana, na kisha -unganisha, ambalo ni la kusababisha vitu viwili viungane. Kitenzi hiki humtaja mtendaji, na mtu anaposema "naunganisha ndege," kwa sarufi ya sentensi hiyo mtendaji ni yeye mwenyewe. Lakini je, ndivyo ilivyo siku zote? Hapana. Mara nyingine safari nzima imeunganishwa na kampuni ya ndege, na abiria amebebwa tu. Mara nyingine abiria amenunua vipande viwili mbalimbali, akavishikanisha mwenyewe kwa matumaini. Hali hizi mbili zina matokeo tofauti kabisa, na kutumia neno moja kwa zote mbili ni sawa na kuita mkopo na zawadi kwa jina moja kwa sababu zote mbili ni fedha zilizopokelewa.

Mnyambuliko wa vitenzi vya Kiswahili unatupa dawa. Kauli ya kutendewa inatupa kuunganishiwa, na kiambishi cha kujirejea kinatupa kujiunganishia. Kwa hiyo twapendekeza istilahi mbili za msingi zifuatazo.

1. Safari ya kuunganishiwa. Hii ni safari ambayo vipande vyake vyote vimeuzwa kuwa safari moja, kuanzia kiwanja cha kwanza hadi cha mwisho, ijapokuwa ndege ni mbili au tatu na kampuni ni zaidi ya moja. Ndege ya kwanza ikichelewa na abiria akaikosa ya pili, aliyeiunganisha safari ndiye mwenye wajibu wa kumtafutia ndege nyingine ya kumfikisha. Wazo hili limo katika sheria ya kimataifa. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ulioanza kutumika mwaka 2003 na ambao Tanzania imo ndani yake, unasema kwamba uchukuzi unaofanywa na wachukuzi kadha wanaofuatana huhesabiwa kuwa uchukuzi mmoja usiogawanyika, ikiwa pande zinazohusika ziliuchukulia kuwa ni shughuli moja. Tazama kwamba mkataba hauanzi kwa kuhesabu ndege, bali huuliza watu walipatana nini.

2. Safari ya kujiunganishia. Hii ni safari ambayo abiria amenunua vipande mbalimbali, kila kimoja kwa mapatano yake, na hakuna mchukuzi aliyeahidi kumfikisha mwisho. Kampuni ya pili humhesabu kuwa abiria kama wengine: asipokuwapo dawatini kwa wakati, hakufika. Safari ya jirani yetu ilikuwa ya namna hii. Vivyo hivyo mtu anayevuka kwa boti ya asubuhi kutoka Malindi, kwa mwendo wa kiasi cha saa mbili, kisha akapita katika foleni za Dar es Salaam kwa kilomita kama 12 hadi Kiwanja cha Ndege cha Julius Nyerere, huyo anajiunganishia; na bahari ikichafuka wakati wa kusi, kampuni ya ndege haina habari naye.

Msafiri atazijuaje mbili hizi kabla ya kulipa? Ziko alama za kutazama. Ya kwanza ni namba ya kuwekea nafasi, ambayo kwa kawaida huwa na herufi na tarakimu sita. Vipande vyote vikiwa chini ya namba moja, hiyo ni dalili njema. Zikiwa namba mbili, na aulize. Ya pili ni namba ya tikiti yenyewe, yenye tarakimu 13, ambayo tatu za mwanzo hutambulisha kampuni iliyoitoa: 071 ni ya Ethiopia, 157 ya Qatar, 706 ya Kenya. Tikiti moja inayotaja vipande vyote ndiyo shahidi bora. Ya tatu ni swali la mdomo kwa wakala, nalo liulizwe kwa maneno haya: "Safari hii nimeunganishiwa, au najiunganishia mwenyewe?" Muuzaji aliyezoea kusema "muda upo" hataweza kulijibu swali hilo kwa "muda upo".

Kutokana na istilahi hizo mbili huzaliwa nyingine. Tuzitaje moja moja.

3. Muda wa kuunganisha, na kima cha chini cha muda wa kuunganisha. Muda wa kuunganisha ni nafasi iliyopo baina ya saa ya kufika ndege ya kwanza na saa ya kuondoka ya pili. Kila kiwanja kikubwa kina kima cha chini kilichokubaliwa baina ya kiwanja na kampuni za ndege, nacho hutofautiana kwa jengo na kwa aina ya safari. Safari ya kuunganishiwa haiuzwi chini ya kima hicho. Kwa safari ya kujiunganishia hakuna anayekitazama, ila msafiri mwenyewe.

Inafaa kuonyesha kwa hesabu jinsi muda uliomo katika karatasi unavyopungua. Tuchukue mfano wa ndege inayofika saa 4:00 asubuhi, na nyingine inayoondoka saa 5:30. Karatasi inasema dakika 90. Lakini saa ya kuondoka ni saa ya ndege kuanza kusogea, na mlango hufungwa kabla. Tuseme dakika 15. Zimebaki 75. Kuteremka kutoka viti vya nyuma huweza kula dakika 15. Zimebaki 60. Kukaguliwa upya na kutembea hadi lango la pili tuseme ni nusu saa. Akiba halisi, basi, ni dakika 30. Aliyeunganishiwa hupita humo, japo kwa haraka. Sasa aliyejiunganishia: madawati mengi ya safari za ng'ambo hufungwa saa nzima kabla ya ndege kuondoka. Toa 60 katika 90, zinabaki 30, na katika hizo ateremke, angojee mizigo, atoke nje, afike jengo jingine. Dakika 90 zilezile zilizomtosha mwenzake kwake yeye si muda. Kwa hiyo neno "muda upo" halina maana mpaka ijulikane ni muda wa kuunganishiwa au wa kujiunganishia.

4. Abiria wa mpito na abiria wa kubadili ndege. Wengi husema transiti kwa mambo mawili. Abiria wa mpito ni yule ambaye ndege yake imetua njiani, naye akaendelea na safari kwa ndege ileile; pengine hata hateremki. Abiria wa kubadili ndege ni yule anayeteremka moja na kupanda nyingine, na ambaye katika viwanja vya nje hufuata vibao vya transfa wala havifuati vya kutokea mjini. Tofauti hii si ya maneno matupu. Aliyejiunganishia na mwenye mzigo wa kuchukua hulazimika kupita uhamiaji na kuingia nchini, na katika nchi nyingine hawezi kuingia bila ya viza. Mtu aliyeambiwa tu kwamba "yuko transiti" hugundua hayo akiwa amekwisha simama mbele ya afisa. Kwa upande wa kurudi nyumbani mambo yanatuhusu pia: anayetoka ng'ambo na kutua Dar es Salaam ili apande ndege ya ndani kuja Unguja ameingia Tanzania pale Dar es Salaam, na hapo ndipo pasipoti yake inapogongwa muhuri. Jengo la Tatu la kiwanja kile, lililofunguliwa mwaka 2019, na Jengo la Pili, la mwaka 1984, yako mbali mbali. Na muda wa kutoka moja kwenda la pili sharti utiwe katika hesabu.

5. Ndege isiyotua njiani. Maneno "moja kwa moja" yamezoeleka, lakini nayo yana utata. Wapo wanaoyatumia kwa ndege inayoruka hapa na kutua mwisho wa safari bila ya kituo, na wapo wanaoyatumia kwa ndege yenye namba moja ambayo hutua njiani kupakia na kuteremsha abiria, kama zile ambazo zimepata kutua Kilimanjaro kwanza ndipo zije Unguja. Twashauri "moja kwa moja" libaki kwa safari isiyobadilisha ndege, na pale ambapo hakuna kituo kabisa isemwe wazi: ndege isiyotua njiani.

6. Mzigo wa moja kwa moja. Huu ni mzigo unaokabidhiwa katika kiwanja cha kwanza na kupokewa katika kiwanja cha mwisho. Kinyume chake ni mzigo wa kuchukua njiani. Hapa msafiri asitegemee maneno ya mtu, bali asome kibandiko kinachofungwa katika mkono wa sanduku lake, na kile kidogo anachopewa yeye. Kina herufi tatu za kiwanja ambako mzigo utateremshiwa. Kiwanja chetu cha Abeid Amani Karume ni ZNZ, Dar es Salaam ni DAR, Addis Ababa ni ADD, Doha ni DOH, Maskati ni MCT, na Chennai ni MAA. Anayekwenda Chennai akiona herufi kubwa DAR katika kibandiko chake, hapo hapo Unguja amejua kwamba mzigo wake ni wa kuchukua njiani, na kwamba muda wake umepungua kwa kiasi hicho.

7. Usiku wa kuamkia. Ndege nyingi za kwenda ng'ambo huondoka usiku wa manane, na hapa hesabu zetu za saa na siku huleta hatari mbili. Ya kwanza inajulikana: tikiti ikiandika 0150, kwetu ni saa 7:50 usiku. Watu wa Ethiopia nao huhesabu saa kwa kuanzia alfajiri kama sisi, lakini tikiti zao huandikwa kwa hesabu ya kimataifa kama tikiti nyingine zote. Hatari ya pili ni kubwa zaidi. Kwa hesabu ya wazee wetu siku huanza jua linapokuchwa, hata usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Vijana wengi leo husema usiku wa Ijumaa kwa maana ya usiku unaoufuata mchana huo. Basi tikiti ya saa 7:50 usiku, tarehe 12, ikitajwa kuwa ni "usiku wa tarehe 12", mzee atafika kwa wakati na kijana atafika ndege ikiwa imeondoka jana yake. Lugha imekwisha tupa dawa, nayo ni kusema usiku wa kuamkia tarehe 12. Tungependa wauza tikiti wote waliandike hivyo.

Pamoja na hayo, msafiri akumbuke kwamba saa zinazoandikwa ni za pale ndege inapofika au kuondoka. Nairobi, Addis Ababa na Doha saa zao ni sawa na zetu. Maskati na Dubai wametutangulia kwa saa moja, na India kwa saa mbili na nusu. Muda wa kuunganisha huhesabiwa kwa saa ya kiwanja kimoja tu, kile cha kubadilia ndege.

8. Kuchelewa na kucheleweshwa. Kuikosa ndege na kukoseshwa ndege. Hapa twarudi kwa jirani yetu. Aliambiwa "mmechelewa", naye akakubali kwa adabu. Kwa hakika hawakuchelewa. Walifika Kiwanja cha Karume mapema, wakakaa, wakangojea. Walicheleweshwa. Kuchelewa ni tendo la mtu mwenyewe. Kucheleweshwa kuna mtendaji mwingine, ijapokuwa hakutajwa. Vivyo hivyo, aliyelala akapitiwa na wakati ameikosa ndege, lakini aliyeletwa na ndege iliyochelewa amekoseshwa. Silabi chache hizi hubadili swali zima. Mkataba tulioutaja hapo juu humpa mchukuzi dhima ya hasara iletwayo na ucheleweshaji, isipokuwa akithibitisha kwamba alichukua hatua zote zilizopasa au kwamba hapakuwa na njia ya kuzichukua. Lakini dhima hiyo haiwezi kuulizwa na mtu aliyekwisha kiri kwamba amechelewa.

Ni haki tuseme wazi kwamba neno peke yake lisingelimwokoa bibi yule pale dawatini. Safari yake ilikuwa ya kujiunganishia, na kampuni ya pili haikuwa na kosa juu yake. Lakini kama angalisema "tumecheleweshwa", swali la pili lingalikuwa "na nani?", na jibu lingalimrudisha kwa kampuni ya kwanza kudai barua inayothibitisha saa ndege yake ilipotua. Na kama neno kujiunganishia lingalitamkwa siku ya kununua tikiti, huenda wangaliondoka Unguja siku moja kabla na kulala kwa jamaa Dar es Salaam. Istilahi hufanya kazi yake kubwa kabla ya mashaka kutokea.

Yawezekana baadhi ya wasomaji wakasema kwamba maneno haya ni marefu, na kwamba wafanyakazi wa viwanjani wana maneno yao ya Kiingereza yanayowatosha. Jawabu letu ni kwamba maneno ya wafanyakazi huwatosha wafanyakazi. Zamani hatukuhisi upungufu huu. Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1946 na kuvunjika mwaka 1977, lilichukua abiria ndani ya Afrika Mashariki na kuwafikisha hadi London. Aliyeunganisha ndani ya shirika hilo alikuwa mikononi mwa mchukuzi mmoja, na neno moja lilimfaa. Leo mtu hununua kipande hapa na kipande kule, tena kwa simu yake, wala hapana wa kumwambia kwamba amejitwika dhima ya kuviunga. Kuhusu urefu, kujiunganishia ni neno ambalo mtoto wa Unguja hulielewa mara ya kwanza alisikiapo, kwa sababu viungo vyake vyote anavyo tangu utotoni. Hiyo ndiyo faida ya istilahi inayotokana na mnyambuliko: haihitaji kufundishwa, huhitaji kutumiwa tu.

Hata wazee wetu waliosafiri kwa majahazi walikuwa na maneno makini kwa jambo hili. Walijua kaskazi na kusi, na tangambili iliyo baina yao. Na aliyeachwa na chombo mwisho wa msimu alijua kwamba hangojei siku, hungojea miezi. Walipima muda kwa hatari yake, na wakaupa jina. Nasi hatuna budi kufanya vivyo hivyo kwa usafiri wa zama zetu.

Kwa muhtasari, twapendekeza yafuatayo yatumiwe katika ofisi za tikiti, katika matangazo ya viwanja na katika vyombo vya habari: safari ya kuunganishiwa, safari ya kujiunganishia, muda wa kuunganisha na kima chake cha chini, abiria wa mpito, abiria wa kubadili ndege, ndege isiyotua njiani, mzigo wa moja kwa moja na mzigo wa kuchukua njiani, usiku wa kuamkia, kucheleweshwa na kukoseshwa ndege. Tunawaomba wasomaji, na hasa wale wanaofanya kazi viwanjani na katika mawakala ya safari, wayajaribu maneno haya katika kazi zao, na palipo na neno jingine ambalo wananchi wamekwisha lizoea kwa jambo hilohilo, watuletee lipimwe pamoja na haya.